Maneno mia tatu mbele ya wasiokujua: ikisiri za makongamano huchaguliwaje

Watafiti wengi wachanga ninaokutana nao wanajua namna ya kutuma ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utafiti wao, kwenye kongamano, ila hawajui yanayoipata baada ya hapo. Wanabonyeza kitufe, wanapokea baruapepe ya kuthibitisha, inafuata miezi ya kimya, kisha linakuja jibu la mistari mitano. Ndani ya kimya hicho kuna watu wanaosoma, na mimi ni mmoja wao. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipitia ikisiri za makongamano ya afya ya jamii, nyingine za hapa kwetu Afrika Mashariki, nyingine za mbali, na leo nataka kueleza kazi hiyo inavyokwenda. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ikisiri zilizo bora kabisa na zilizo dhaifu kabisa tunazitambua vizuri. Zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, zinapita au kubaki kwa namna inayokaribia bahati, na wanaoachwa hatuwaambii sababu. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Kamati ya kisayansi hutangaza mada ndogo za kongamano, hufungua mfumo mtandaoni, na kuweka kikomo cha maneno, mara nyingi kati ya 250 na 350. Mwandishi hupewa vichwa vya kujaza: usuli, mbinu, matokeo, hitimisho. Kongamano la kimataifa la UKIMWI lina umbo la pili ambalo nalipenda sana, kwa ajili ya wanaoendesha miradi badala ya kufanya utafiti rasmi: usuli, maelezo ya kazi, mafunzo yaliyopatikana, hatua zinazofuata. Umbo hilo limewafungulia mlango wauguzi na watu wa asasi ndogo ambao wasingeweza kuingia kwa umbo la kwanza. Ningependa kuliona kwenye makongamano yetu yote.

Zamani haya yote yalifanywa kwa karatasi. Uliletewa fomu yenye kisanduku kilichochapwa kwa mistari hafifu, ukapiga chapa ikisiri yako ndani ya kisanduku bila herufi hata moja kugusa ukingo, ukaituma kwa posta ya ndege na kuomba ifike. Karatasi hiyohiyo ndiyo iliyopigwa picha na kuingizwa kwenye kitabu cha kongamano, na ukikosea herufi moja, kosa lako lilisomwa na ukumbi mzima. Leo tatizo ni saa. Tangazo linasema mwisho ni saa sita usiku, lakini ni usiku wa wapi? Kikomo kikiwekwa kwa saa za Geneva, hapa Dar es Salaam inakuwa saa saba au saa nane ya usiku kutegemea msimu, na mtu aliyesoma tangazo vizuri amejipatia muda wa kuhakiki jedwali lake mara moja zaidi. Kikiwekwa kwa saa za mashariki ya mbali, mlango unafungwa wakati kwetu bado ni jioni. Someni mstari huo wa tangazo kabla ya mingine yote.

Mlango ukifungwa, sekretarieti huchuja. Zinatolewa ikisiri zilizotumwa mara mbili, zilizo nje ya mada, na zisizotaja kibali cha maadili pale ambapo kongamano linakidai. Kwa Tanzania, utafiti wa afya unaohusu watu unahitaji kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, nayo ina nafasi yake. Kenya kuna NACOSTI, tume yao ya taifa ya sayansi. Nimesikia vijana wakilalamika kuhusu vibali hivi, lakini kongamano lisiloviuliza linawasaidia wale wanaochukua damu za watu vijijini bila kumweleza mtu yeyote chochote.

Baada ya mchujo, ikisiri hugawanywa kwa wapitiaji kulingana na mada waliyosema wanaijua. Kila moja husomwa na watu wawili, watatu, wakati mwingine zaidi, na hakuna anayejua mwenzake ametoa alama gani. Majina ya waandishi na taasisi zao hufichwa kwenye makongamano mengi, ingawa si yote. Ukigundua kwamba ikisiri ni ya mwanafunzi wako, mwenzako wa ofisini au mshindani wako wa ruzuku, unatakiwa kuirudisha bila kuipa alama, kwa sababu ya mgongano wa maslahi. Wapitiaji hawalipwi. Mtu hupewa ikisiri ishirini, thelathini, pengine zaidi, pamoja na wiki mbili tatu za kuzimaliza, na anazisoma usiku baada ya kazi, watoto wakiwa wamelala. Kila ikisiri inapata dakika chache tu. Mtu aliyehangaika mwaka mzima na hojaji kule Sikonge anapaswa kujua kwamba hizo dakika chache ndizo zote alizo nazo.

Nazitumiaje dakika hizo? Nitasema ninavyofanya mimi, na wapitiaji wengi ninaowafahamu hawatofautiani nami sana. Nasoma kichwa, kisha naruka moja kwa moja hadi kwenye matokeo. Nikikuta sentensi ile maarufu, "matokeo yatajadiliwa kwenye kongamano", kazi imekwisha. Hakuna cha kupima, na alama inashuka hata kama usuli umeandikwa kwa ufundi mkubwa. Sentensi hiyo huja kwa wingi. Naielewa asili yake: ikisiri inatakiwa Machi, ukusanyaji wa data unaisha Mei, na mwandishi anatumaini kwamba ahadi itatosha. Haitoshi.

Yakiwepo matokeo, natafuta namba na namba hizo zimetoka kwa nani. Tuseme mmoja ameandika: "Akina mama wengi walijifungulia nyumbani kutokana na changamoto mbalimbali." Mwingine ameandika: "Kati ya akina mama 412 tuliowahoji, 97 (asilimia 23.5) walijifungulia nyumbani, waliokaa zaidi ya kilomita 10 kutoka kituo cha afya walifanya hivyo mara mbili ya waliokaa karibu." Inawezekana wamefanya kazi ileile, kwa uaminifu uleule, kwenye wilaya moja. Wa kwanza atapata mbili kati ya tano, wa pili atapata nne. Maneno "wengi" na "changamoto mbalimbali" yamekula nafasi bila kumpa msomaji chochote, na wa pili ameongeza maneno kadhaa tu kueleza nani, wangapi, na wapi pa kuanzia kurekebisha.

Ndipo narudi kwenye mbinu: sampuli ilipatikanaje, je, idadi ile inaweza kubeba hitimisho hili? Halafu hitimisho lenyewe. Utafiti wa hospitali moja ukimalizia kwa kuitaka serikali ibadilishe sera ya nchi nzima, nasimama. Natoa alama kwa upya wa jambo, ubora wa mbinu, uzito wa matokeo kwa jamii, na uwazi wa maandishi. Mfumo unajumlisha, naenda inayofuata.

Hadi hapo mtu anaweza kuona ni kazi ya haki. Lakini kuna wapitiaji wakali na wapole. Yupo ambaye tano kwake ni kitu asichowahi kumpa mtu, na yupo anayeanzia nne kwa kila aliyejitahidi. Ikisiri yako ikiangukia kwa wakali wawili, wastani wako utakuwa chini kuliko wa jirani aliyeangukia kwa wapole, na tofauti hiyo haihusiani na ulichoandika. Baadhi ya kamati hurekebisha kwa hesabu, kila mpitiaji akilinganishwa na wastani wake mwenyewe. Nyingine huchukua alama kama zilivyo, huzipanga kutoka juu kwenda chini, na kukata mstari pale nafasi za ukumbi zinapoishia.

Juu ya mstari na chini ya mstari, tofauti inaweza kuwa sehemu ya kumi ya alama. Je, kamati nyingine ingekata palepale? Jaribio ninalolijua vizuri zaidi kuhusu swali hili lilifanywa na watu wa kompyuta. Mwaka 2014, Corinna Cortes na Neil Lawrence, waliokuwa wenyeviti wa programu ya kongamano la akili bandia la NeurIPS lililofanyika Montreal, waligawa wapitiaji wao katika kamati mbili na kuzipa makala zilezile 166 bila kamati hizo kuambiana. Alama zilipofunguliwa, kamati hizo zilitofautiana kuhusu makala 43, yaani karibu robo. Robo inasikika ndogo mpaka ukumbuke kwamba kongamano lilikuwa linakubali chini ya robo ya kazi zote. Ukiangalia zile tu zilizokubaliwa na kamati moja, zaidi ya nusu yake zilikataliwa na nyingine. Na hizo zilikuwa makala kamili za kurasa nane, zilizosomwa kwa saa kadhaa. Sioni sababu ya kuamini kwamba sisi tunaosoma maneno 300 kwa dakika chache tunafanya vizuri zaidi.

Siku chache baada ya majibu ya kongamano moja kutoka, kijana niliyewahi kumfundisha alinifuata na simu mkononi. "Shikamoo, Dokta. Nimekataliwa. Nimesoma barua mara nyingi, sioni nimekosea wapi." Nikaisoma. Ilimshukuru, ikamweleza kwamba ikisiri zilikuwa nyingi na ushindani mkubwa, ikamkaribisha kujisajili kuhudhuria kwa ada kamili. Basi. Nikamwomba anioneshe ikisiri yenyewe. Ilikuwa kazi nzuri kuhusu wagonjwa wa kifua kikuu wanaoacha dawa kabla ya muda. Idadi ya wagonjwa aliowafuatilia aliiweka kwenye usuli badala ya mbinu, na matokeo yake makuu yalikuwa yamefunikwa na sentensi tatu za utangulizi. Saa moja ya kukaa naye ingelitosha kuibadilisha. "Kwa hiyo utafiti wangu si mbaya?" akauliza. Nikamjibu kwamba utafiti wake hakuna aliyeuona. Walichokiona ni ikisiri. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe. Mimi nilishaanza kufikiria kuiacha hii mada."

Jambo hili ni zito kuliko linavyochukuliwa na kamati nyingi. Mtafiti mzoefu akikataliwa anajua cha kufanya, ana wenzake wa kumsomea, anatuma kwingine. Kijana wa hospitali ya wilaya asiye na msimamizi wa karibu anapokea mistari mitano na kuhitimisha kwamba hajui kazi.

Tuje kwenye majina. Chama cha moyo cha Marekani, American Heart Association, kilikuwa kikiwaonesha wapitiaji majina na taasisi za waandishi wa ikisiri za mkutano wake wa mwaka. Kuanzia mwaka 2002 kikaanza kuyaficha. Joseph Ross na wenzake wakalinganisha vipindi viwili na kuchapisha matokeo kwenye jarida la JAMA mwaka 2006. Majina yalipokuwa wazi, ikisiri za Wamarekani zilikubaliwa kwa asilimia 40.8, za nchi nyingine asilimia 22.6. Yalipofichwa, za Wamarekani zikashuka hadi 33.4, na za wengine zikafika 23.7. Ikisiri kutoka taasisi zenye sifa kubwa nazo zilipoteza sehemu ya faida waliyokuwa nayo. Ziangalie namba hizo polepole: wageni hawakupanda sana. Kilichoondoka ni ile nyongeza waliyokuwa wakipewa wenye majina, na walioitoa walikuwa wataalamu waaminifu ambao, naamini, kila mmoja wao angeapa kwamba anaangalia sayansi peke yake.

Kuficha majina hakumalizi kila kitu. Fani zetu ni ndogo. Ukisoma ikisiri ya jaribio la chanjo ya malaria lililofanyika Bagamoyo au Kilifi, humhitaji mwandishi kujitaja, unaijua timu iliyoko pale. Na kuna lugha, ambayo haifichiki. Mtafiti amewahoji akina mama kwa Kisukuma, amejadili majibu na wenzake kwa Kiswahili, kisha anatakiwa kubana yote kwa Kiingereza cha maneno 300. Mpitiaji anapofika kwenye kipengele cha "uwazi wa maandishi" anadhani anapima fikra, kumbe mara nyingi anapima shule ambayo mtu alisoma. Siku hizi nikikuta Kiingereza kinachoyumba juu ya namba zilizonyooka, naziacha namba ziamue. Ningefurahi kama mwongozo wa wapitiaji ungelisema hilo waziwazi, isibaki kuwa hiari ya mtu.

Waandishi wa habari nao wanahitaji kujua jambo moja. Ikisiri kukubaliwa haina maana kwamba matokeo yamethibitishwa. Hakuna mpitiaji aliyeona data, hakuna aliyerudia hesabu. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 425 zenye jumla ya ikisiri 307,028, yalikuta kwamba asilimia 37.3 tu ndizo zilizokuja kuchapishwa kama makala kamili, na zile zenye matokeo ya kupendeza zilichapishwa zaidi kuliko zisizo nayo. Maana yake, ikisiri karibu mbili kati ya tatu zilibaki hapohapo: maneno mia chache ambayo hakuna mtu wa nje aliyepata nafasi ya kuyachunguza hadi ndani. Ndiyo sababu mwaka 2008 CONSORT, kundi la wataalamu linaloweka viwango vya kuripoti majaribio ya tiba, lilitoa mwongozo wa mambo ambayo ikisiri ya jaribio la tiba haipaswi kuyaacha: washiriki waligawanywaje, wangapi katika kila kundi, madhara yapi yalionekana, nani alilipia.

Wapo bila shaka wanaopanda jukwaani wakiwa na kila kitu nyuma yao. Julai 2024, kwenye kongamano la UKIMWI mjini Munich, mtafiti Linda-Gail Bekker aliwasilisha matokeo ya lenacapavir, sindano ya kuzuia VVU, kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda: kati ya 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyepata maambukizi ya VVU. Makala kamili ilitoka siku hiyohiyo kwenye New England Journal of Medicine, yeyote akaweza kuisoma na kuihoji. Kwa kazi kama hiyo, kongamano ni kipaza sauti. Kwa nyingi nyingine, kongamano ndiyo hatua ya kwanza, na pengine ya mwisho, ambayo mtu mwingine ataiona kazi hiyo. Gazeti linaloandika "watafiti wamegundua" kwa kutegemea ikisiri peke yake linawakosea wasomaji.

Kuhusu bango na jukwaa nitasema kidogo. Alama za juu kabisa hupewa kuwasilisha ukumbini kwa dakika kumi hivi, zinazofuata hupewa bango, karatasi kubwa inayobandikwa ukutani, mwenyewe akisimama kando yake. Vijana huona bango kama kushushwa. Mimi nawashauri walifurahie. Jukwaani unaulizwa maswali mawili, mara nyingi na mtu anayetaka kusikika yeye mwenyewe. Kwenye bango unasimama saa moja na nusu, na yule anayekujia amekuja kwa sababu kazi yako inamhusu. Nimeona ushirikiano wa miaka ukianzia hapo, watu wakichorana mistari kwenye kona ya karatasi.

Kisha kuna mchujo ambao kamati haiuandiki popote. Mwaka 2022 kongamano la UKIMWI lilikuwa Montreal. Waafrika wengi waliokubaliwa ikisiri zao, wengine wakiwa na ufadhili mkononi, walinyimwa viza za Kanada au hawakujibiwa kabisa. Hata Winnie Byanyima, Mganda anayeiongoza UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, alieleza hadharani jinsi alivyokaribia kuzuiwa kupanda ndege Geneva. Ugonjwa una mzigo mkubwa zaidi kusini mwa Sahara, na viti vilivyobaki vitupu vilikuwa vya watu wa huko. Ndiyo maana naheshimu sana makongamano ya MIM, mpango wa kimataifa wa ushirikiano dhidi ya malaria, yaliyofanyika Arusha mwaka 2002, Nairobi 2009 na Kigali 2024. Mwanafunzi wa Mwanza anafika Kigali kwa basi.

Sasa ninachokiomba. Kwenye karibu kila mfumo niliowahi kuutumia, chini ya alama kuna kisanduku cha maoni ya mpitiaji. Tunakijaza. Naandika mle "sampuli haijatajwa", "hitimisho limezidi matokeo", "kazi nzuri, matokeo yapande juu". Kamati inayasoma inapokata mstari, basi yanaishia humo. Hayamfikii mwandishi, ingawa kuyatuma hakugharimu chochote zaidi ya mtu kukagua kwamba hayana lugha ya kuumiza. Shirika la kimataifa la UKIMWI, IAS, limekwenda mbali zaidi: lina mpango ambao mwandishi asiye na uzoefu anaituma rasimu mapema kwa mshauri aliyejitolea, anapata maoni, anarekebisha, ndipo anawasilisha rasmi. Makongamano yetu yana maprofesa wastaafu wengi ambao wangeifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja kama wangeombwa.

Nimeshaandika pendekezo kwa kamati moja ninayoitumikia: kila ikisiri inayokataliwa iambatane na sentensi mbili kutoka kwa wapitiaji, moja ya kilichokuwa kizuri na moja ya kilichoiangusha. Hoja niliyopewa ni kwamba wapitiaji wamechoka na ikisiri ni nyingi. Wamechoka kweli. Nimejitolea kuanza na mada yangu ndogo mwaka huu, sentensi hizo niziandike mimi na wenzangu wawili waliokubali, na kamati imeruhusu tujaribu. Unayesoma hapa, kama unapitia ikisiri za kongamano lolote na uko tayari kufanya hivyo kwa mada yako, mwambie mwenyekiti wako kabla wapitiaji hawajagawiwa kazi, kwa sababu mfumo ukishafungwa, ni vigumu kuiwasha tena sehemu ya maoni kwa mwandishi.